Fundo la Majani Kwenye Tuta la Sukuma

Dorosela alizaliwa Lupingu, pale Ziwa Nyasa linapogonga miguu ya milima, akalijua jani la utupa kabla hajajua kusoma. Watoto wa kule huambiwa mapema: jani hili usilitie mdomoni, na ukimwona mtu analitwanga karibu na mto, kimbia ukamwambie baba. Kwao utupa ni silaha ya wezi. Mtu huutwanga, akautia kijitoni, na samaki wakubwa kwa wadogo wakaelea matumbo juu. Yeye akaokota anaowataka, waliobaki wakaoza. Mtu wa namna hiyo Lupingu hata salamu hupewa kwa mkato.

Basi fikiria alivyoshtuka miaka mingi baadaye, akiwa mke wa mtu Lyamkena, Makambako, pale bwana shamba Ebeneza alipovunja tawi la kichaka kilichoota kando ya barabara, akamkabidhi na kumwambia kwamba dawa ya bustani yake ndiyo hiyo. Dorosela alilishika tawi kwa ncha za vidole. Alitaka kulitupa. Hakulitupa, kwa sababu wakati huo vidukari walikuwa wameshammaliza uvumilivu wote na nusu ya sukuma wiki yake.

Lakini tusikimbilie huko. Makambako alifika na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa kwao ziwani, msichana mwenye sauti ya kuuzia, na mtaji wa usipa ule alikuwa ameupata kwanza kwa kibarua cha nyanya bondeni, upande wa Ilembula. Huko alibeba pampu mgongoni, akapulizia dawa za chupa bila glovu wala kitambaa cha pua. Mikono ilimbabuka, kifua kikamkohoza msimu mzima. Hata hivyo kilichomkera zaidi si kifua chake. Ni kumwona mwenye shamba akipulizia jioni na kuchuma asubuhi kupeleka sokoni, huku watoto wake mwenyewe wakila mboga za tuta jingine lisiloguswa na dawa. Dorosela aliapa kimoyomoyo kwamba akipata kipande cha ardhi, atakachowauzia watu kitakuwa kile kile anachokula yeye.

Kipande akakipatia kwa Elius. Huyu alikuwa fundi wa malori karibu na stendi, na alinunua usipa mara nyingi kuliko tumbo la mtu mmoja linavyoweza kubeba. Soko zima lilikuwa limeshaelewa isipokuwa Dorosela. Walipooana alihamia Lyamkena, kwenye nyumba aliyokuwa akiishi Elius na mama yake, Tabea, mjane wa mwinjilisti wa Kilutheri. Mama huyo wa Kibena alikuwa mnyoofu kama mpini wa jembe. Watoto wake wote aliwazalia hospitali ya Ilembula, na aliamini kwamba nje ya pale watu wanabahatisha tu.

Hakuwa mkwe mbaya. Alimfundisha Dorosela kuvumilia baridi ya Juni, akamwonyesha jinsi ya kuwalisha simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni wakipiga mluzi kila wakisikia mlango. Mjukuu Erica alipozaliwa alimbeba mgongoni hadi mgongo ukamuuma. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tangu utotoni Tabea alikuwa amesikia kwamba watu wa ziwani wana mambo yao, na ingawa hakulisema, jicho lake lilikuwa likimfuata mkwewe kila alipoinama kuokota jani.

Na bustani ndiyo kazi ya kuinama kuokota majani. Nyuma ya nyumba Dorosela alipanda sukuma wiki, chainizi, figili na kabichi. Mwaka wa kwanza waliokula ni wadudu. Alfajiri, umande ukiwa bado, alipita na kopo la majivu ya jikoni akiyapepeta juu ya kabichi. Mvua ikaja ikayaosha. Aliyeyusha sabuni ya mche akanyunyiza. Vidukari wakapungua, wakaoga, wakarudi na ndugu zao. Alitwanga pilipili kichaa na vitunguu saumu, dawa iliyowafukuza viwavi kwa muda na kumliza yeye mwenyewe mpaka Elius akauliza nani kafa.

Aliyefurahia mateso hayo ni wifi yake, Prisila, mwenye duka la pembejeo Njombe mjini. Kila akija kumsalimia mama yake alileta kichupa cha dawa kilichofungwa kwenye gazeti, kama mtu mwingine anavyoleta mkate. Dorosela alishukuru kwa mikono miwili, kisha akakiweka juu ya kabati pamoja na vilivyotangulia. Prisila aliviona vimejipanga pale, vumbi juu, na hilo hakulisahau.

Ndipo Ebeneza akaja na tawi lake. Alimweleza Dorosela kwamba kile kinachowaua samaki ndicho kinachowashinda viwavi, ila kwa adabu: majani yatwangwe, yalowekwe hadi kesho yake, yachujwe kwa kitambaa, yatiwe sabuni kidogo ili yashike, na yanyunyizwe jioni maana jua huyavunja nguvu. Tuta lililonyunyizwa lisichumwe mpaka siku kadhaa zipite, na chombo kisioshewe mtoni. Hilo la mtoni Dorosela hakuhitaji kuambiwa.

Alifanya hivyo hivyo. Hakuwa na bomba la kupulizia, kwa hiyo alichovya kitawi kwenye ndoo na kukikung'uta juu ya mboga, huku akizunguka tuta kwa tuta, jua likiwa linazama na midomo yake ikihesabu mistari. Alipomaliza akaweka alama ya kwao. Lupingu mtu asiyetaka kitu chake kiguswe, iwe mtumbwi ulioanikwa au kuni alizokusanya, hufunga fundo la majani juu ya kijiti, na kila mkono hujizuia. Dorosela alisimika vijiti kwenye pembe nne za tuta, akafunga mafundo, na juu ya kila fundo akaning'iniza kipande cha kanga nyekundu ili Erica akione kwa mbali.

Mama mkwe aliuliza vile ni vitu gani. Hapo ndipo Dorosela alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na heshima. Angetamkaje utupa mbele ya mama wa mumewe? Kwao neno lile halitamkwi penye chakula. Akajibu kwa mkato kwamba kuna majani kanyunyiza, na mama asichume penye nyekundu mpaka yeye mwenyewe avitoe vile vijiti. Tabea akaitikia, "Haya, mwanangu," akarudi jikoni.

Dawa ilifanya kazi. Sukuma zilinyanyuka, kabichi zikafunga, na wanawake wa sokoni wakaanza kuuliza mboga za mama Erica kabla hajatandika gunia. Dorosela alikuwa na furaha kiasi cha kutoona mambo mengine. Hakuona kwamba mama mkwe, aliyependa kula karibu na moto, siku hizi alikuwa akimaliza mboga upesi kupita kiasi. Aliona tu kwamba simbilisi wamenenepa, akasema mvua za mwaka huu zimeleta nyasi nzuri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Elius alikuwa amekwenda Njombe kutafuta spea, Erica yuko shule, na Dorosela alitoka na tenga lake asubuhi akimwacha mama mkwe peke yake. Alikuwa amenyunyiza tena juzi yake. Aliporudi mchana alimkuta Tabea ukutani nyuma ya jiko, amejikunja na kushika tumbo, ametapika mpaka hana cha kutapika, uso umebadilika rangi. Alipomuuliza kala nini, mama aligeuza uso na kusema, kwa sauti ndogo, kwamba kala ugali na mboga.

Dorosela alikimbilia bustanini. Vijiti vilikuwa pale pale na vitambaa vyake. Lakini kwenye tuta lenye mafundo sukuma zilikuwa zimevunjwa, mafungu mengi tu, na pale zilipovunjwa bado palikuwa na utomvu. Picha iliyomjia ni ile ya kijito cha utotoni, samaki matumbo juu, na watu wazima wamesimama ukingoni wakiuliza ni mkono wa nani.

Jirani yao Yonathani alikuwa na gari dogo. Tabea, hata katika hali ile, hakukubali kupelekwa kwingine ila Ilembula, na Dorosela hakuwa na moyo wa kubishana. Njia nzima alimpakata kichwa. Kila gari lilipoingia kwenye shimo mama aliguna, na kila alipoguna Dorosela aliona kama yeye ndiye aliyechimba lile shimo. Aliomba sala zote alizofundishwa na masista Lupingu na nyingine za Kilutheri alizookota kwa mama mkwe, maana hakujua ni zipi zitawahi kufika.

Pale hospitali walimlaza wakamtundikia dripu. Elius na Prisila walifika pamoja kutoka Njombe wakati daktari, kijana mpole mwenye miwani, anauliza kwa mara ya pili mgonjwa amekula nini. Tabea alifumba macho akarudia kwamba ni mboga, mboga za nyumbani. Daktari akataka kujua kama mboga hizo huwa zinapuliziwa chochote.

Jamani, hapo mtu angeweza kunyamaza. Elius alikuwa hajui kilichomo ndooni, Ebeneza hakuwepo, na Tabea asingeweza kueleza. Dorosela aliangalia ile dripu inavyodondoka, akajua kwamba akisema, nyumba ya Lyamkena inaweza isiwe nyumba yake tena, na akinyamaza, mama huyu anaweza kutibiwa kitu kisichokuwepo. Akasema.

"Daktari, nilinyunyiza utupa. Juzi. Naona amechuma kwenye tuta hilo hilo."

Daktari aliandika. Aliyegeuka ni Prisila, taratibu kabisa.

"Utupa si ndio huo mnaoulia samaki kwenu, wifi?"

Dorosela akakubali kwamba ndio huo. Prisila hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. Alisema kwamba yeye kaleta dawa zenye maandishi na maelekezo zikawekwa juu ya kabati zipate vumbi, na sasa mama yake analishwa sumu ya samaki. Kisha akatoka nje kuwapigia simu akina baba wadogo. Kupitia dirisha Dorosela alimsikia akiagiza bustani ile ing'olewe yote kesho, na kwamba ukoo ukae kikao. Elius alisimama miguuni pa kitanda akiangalia viatu vyake, na kule kunyamaza kwake kulimuuma Dorosela kuliko maneno ya wifi.

Daktari alirudi baadaye akasema hali si mbaya kama ilivyoonekana, mapigo ni mazuri, wasubiri. Lakini neno "wasubiri" ukipewa huku moyo wako una hatia halina tofauti na kifungo. Dorosela alijilaza sakafuni kwenye mkeka pembeni mwa kitanda, akaanza kupanga safari ya Lupingu kichwani, nani atabaki na Erica, atamwambia nini baba yake mvuvi: kwamba binti yako nimefukuzwa kwa utupa. Usingizi ulimchukua akiwa bado hajapata la kusema.

Asubuhi Tabea aliamka mwenyewe akaomba uji. Aliunywa wote. Rangi ilikuwa imerudi na jicho lake lile la kufuatafuata likawa kazini. Prisila aliingia na taarifa kwamba baba mdogo Anderson ameshapata vijana wa kung'oa bustani na wanasubiri aseme neno tu. Aliposema hivyo alimwona mama yake anaweka kikombe chini.

"Mwambie asing'oe kitu. Na huyu mtoto wa watu mwacheni. Sikula mboga zake."

Tabea alivuta shuka mpaka kidevuni kama msichana aliyefumwa, akaanza kueleza huku akiutazama ukuta.

Alisema amekuwa hali mboga za bustani ile tangu jioni aliyomwona mkwewe akizunguka matuta na ndoo, anakung'uta kitawi huku midomo ikicheza, halafu anasimika vijiti vya mafundo na vitambaa vyekundu pembe nne. Yeye mjane wa mwinjilisti, alale kwenye nyumba yenye kago shambani? Alijua kabisa kwamba hilo ni zindiko la ziwani, uchawi wa kulinda mali. Lakini kumwambia mwanawe aliona aibu, na kwenda kununua mboga kwa jirani huku nyumbani kuna bustani kungewapa watu la kusema. Basi akawa anakula ugali na chumvi, na mboga zake akizipitisha chini ya benchi kwa simbilisi.

Alhamisi ile akiwa peke yake alipata ujasiri wa kuyajua makali ya hilo kago. Alichuma sukuma kwenye tuta lenyewe akawatupia simbilisi, aone kama watakufa. Hawakufa. Walikula wakapiga mluzi wakitaka nyingine.

"Sasa ulikula nini, mama?" Elius aliuliza, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza refu tangu jana.

Mambo ya kago Tabea aliyamwaga bila shida. Kwa hili la pili alikunja kwanza pindo la shuka, akalikunjua. Mwishowe akasema. Njaa ilikuwa imembana, ugali wa chumvi ulikuwa umemchosha, na pale kwenye chanja kibandani vilikuwepo viazi vya mbegu, vile mjomba Joackim alivyowatumia kutoka Iwawa, vimeachwa kwenye mwanga vichipue, vimeshageuka kijani. Alivifukia kwenye jivu la moto akavila. Alionja uchungu wake tangu kiazi cha kwanza, akaendelea.

"Nimekula mbegu," alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi, Tabea, nimekula mbegu ya watoto."

Asiyekulia kwenye nyumba ya wakulima hataelewa kwa nini mwanamke alikuwa tayari kufa na tumbo lake kuliko kulisema neno hilo. Mwaka wa njaa baba yake Tabea aliwalaza watoto bila chakula huku debe la mbegu liko juu ya dari, na hakuna aliyeinua macho kulitazama. Mwizi husamehewa, lakini mla mbegu huimbwa kwa kejeli. Ila mficha maradhi, kilio humfichua, na chake nusura kiwe cha Dorosela.

Daktari alipoitwa alivua miwani akaifuta. Alisema kiazi kilichogeuka kijani na kuchipua kinaweza kabisa kumfanya mtu vile alivyofanywa, na kwamba mama ana bahati ya tumbo gumu. Akamgeukia Dorosela akamwambia aendelee kuweka vijiti vyake na kusubiri, maana utupa nao si wa mzaha, ila safari hii haukuhusika. Jioni wangeweza kurudi nyumbani.

Dorosela alikuwa amesimama. Aliposikia "haukuhusika" alikaa chini pale pale sakafuni, akajifunika uso na kanga, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Ulikuwa mzigo mzima unashuka: samaki, kijito, safari ya Lupingu, uso wa baba yake. Elius alichuchumaa akamshika bega, akamwomba radhi kwa kunyamaza kwake. Prisila yeye alitoka nje kupiga simu tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Tabea alinyoosha mkono wenye bandeji ya dripu, akagusa kichwa cha mkwewe.

"Mama Erica, ungeniambia tu kwamba ni majani ya kuua wadudu."

"Na wewe mama ungeniambia tu kwamba una njaa," Dorosela alijibu ndani ya kanga, na kwa mara ya kwanza tangu jana mtu alicheka chumbani mle. Aliyecheka ni Tabea, mpaka tumbo likamuuma upya.

Jioni walipofungua mlango wa jiko Lyamkena simbilisi walipiga mluzi wote kwa pamoja, wazima na wanene. Tabea aliwaangalia akawaambia kwa Kibena kwamba karamu imekwisha. Kisha akamtuma Dorosela akachume sukuma kwenye tuta lisilo na nyekundu, akazikatakata mwenyewe, akala sahani mbili mbele ya watu wote, kwenye mwanga.

Siku hizi Dorosela analitaja jina la utupa bila kuinamisha uso, na anawaeleza wateja sokoni ni tuta lipi linachumwa na lipi linasubiri. Mafundo bado yapo, ila vitambaa si vyekundu tena. Tabea alichana shuka jeupe kuukuu akasema rangi hiyo haitamsumbua mjane wa mwinjilisti, na sasa ni yeye anayevifunga. Prisila hakuomba radhi. Aliomba mbegu za utupa, na Dorosela alimfungia kwenye gazeti.

Mvua ziliporudi walipanda viazi vya Iwawa vilivyosalia. Walifika mwisho wa tuta la mwisho mbegu zikaisha, pakabaki nafasi tupu ya hatua chache, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Elius alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Tabea aliegemea jembe akaitazama ile nafasi.

"Hapo ndipo nilipokula," alisema.

Dorosela alichukua miche ya chainizi kutoka kitaluni, akapiga magoti, akaipanda moja moja mpaka pengo likajaa. Chainizi zilipokuwa tayari, wa kwanza kuchuma alikuwa mama mkwe.